Nusu Saa ya Maji

Nilikuja Ibra kwa siku kumi na nne,
tiketi ya kurudi nimeishonea kwenye pindo la pochi,
kutia sahihi karatasi za marehemu babu:
chumba kimoja kisicho paa, mitende sita,
na nusu saa ya maji.

Nikacheka mbele ya mwanasheria.
Nani hurithi nusu saa?

Mto wenyewe sikuuona. Nikauliza uko wapi.
Binamu yangu Humud akasimamisha gari kwenye changarawe:
mbuzi wawili, kopo la soda, kiatu cha mtoto.
"Umo ndani yake," akasema.

Juu huitwa Alaya, chini Sufala.
Kati yao kitanda cha mto,
kikavu kama ulimi wa mfungaji saa kumi alasiri.
Watu wa juu wana maneno yao juu ya watu wa chini.
Wa chini wanayo zaidi.
Mimi sikuwa wa juu wala wa chini, nilikuwa Zinjibari.
Nikaeleza kwamba Tabora ni bara, mchana na usiku kwa reli,
kwamba Unguja nimeiona mara moja tu, nina homa.
"Naam," wakasema. "Zinjibari."

Wageni huja Ijumaa na kamera.
Hupiga picha malango ya Munisifa,
matundu ya ukutani yalipokaa maboriti,
wakanong'ona: kumetulia hapa.
Saa sita jua likianza kudai chake, wamekwenda.
Hawakujua ukimya ule
ni kiyoyozi cha Bi Ghania kilichokufa katikati ya Julai,
wala kwamba ile nyumba iliyobomoka kwa uzuri
ina kesi, ndugu wanne, dirisha moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilipewa kweli. Mpini wa mkunazi, umelainika
kwa viganja nisivyovijua.
"Babu yako," akasema Bi Ghania, "alikuwa mvivu.
Usimwige."

Jumatano ni soko la wanawake.
Nimekaa kati ya muuza ubani
na muuza sidiria za Kichina,
nauza mandazi. Na hapa huitwa mandazi,
neno limevuka bila pasi,
hakuna aliyeliuliza linatoka mji gani.

Mwaka wa nne, mto ulikuja.
Kwanza harufu. Kisha mlio wa malori ya kokoto, mengi,
na barabarani hakuna lori.
Kisha maji yenye rangi ya chai ya maziwa
yamebeba gari la mwalimu wa hesabu, taa zinawaka,
na mwalimu juu ya paa la duka la vipuri akihesabu hasara.
Siku mbili Alaya haikufika Sufala.
Bibi harusi ng'ambo hii, hina imeshakauka,
bwana harusi ng'ambo ile, kanzu ndani ya mabuti,
anapunga mkono kama anayefukuza nzi.
Wa juu na wa chini wakapigiana kelele toka alfajiri,
nikadhani wanatukanana.
Walikuwa wanaulizana hali, jina kwa jina,
mpaka kwa mbuzi.

Pindo la pochi limefumuka. Tiketi sijui iliingia wapi.

Zamu yangu huja kila siku ya tisa, saa tisa usiku.
Nashuka na tochi ya simu hadi kwenye falaji,
nachomoa jiwe na tambara lake,
maji yanasita, yanageuza shingo,
yanaingia kwangu bila hodi.
Mitende ni mitano sasa, mmoja ulinishinda,
na mndimu niliopanda mwenyewe, bado una kiburi, hauzai.
Nusu saa ni ndefu
ukiisimamia kwa miguu mitupu.
Naoga uso. Naongea kidogo Kinyamwezi,
maana hapa hakuna wa kunisahihisha.

Tochi nyingine inashuka. Shaikhan, wa zamu inayofuata,
anakohoa kwanza, kwa adabu.
"Tabora," ananiita, "muda wako umekwisha,"
na anarudisha jiwe.